Ski Alizojichagulia Chinatsu

Chinatsu,

Supu ya miso iko jikoni, ipashe tu, isichemke. Buti zako zinakauka karibu na hita, usizisogeze zaidi.

Bibi akiuliza kwa nini nachechemea, mwambie ~~niliteleza kwenye ngazi~~ ukweli.

Uliponunua ski fupi na pana, laini nchani lakini ngumu chini ya mguu, nilikucheka: "Mwanangu, hizo ni za kuchezea!" Mimi niliyekufundisha kuteleza thelujini kwa ski! Leo msituni ski zangu ndefu zilikataa kugeuka, nikatumbukia kichwa chini kwenye shimo la theluji kando ya mti. Wewe ulikuwa umeshapita katikati ya miti kama maji, na hata pale theluji ilipovurugwa na watu hukuyumba. Ukaona sipo, ukapanda tena, theluji kiunoni, ukanichomoa.

"Mama, unapumua vizuri?" Basi. Hukunicheka hata kidogo. Mimi ningekucheka mpaka jioni.

Nimekwenda dukani kutafuta kama zako. Kesho tangulia wewe, mimi nitapita ulipopita.

Mama