Vidonge vya Yai Moja

Kawangware 56
Machi 1996

Oluoch wangu,

Mimi mzima, ila mvua haina adabu. Inavuja upande wako wa kitanda.

Daktari amesema nisahau yale mambo ya ng'ambo, sindano kali za kuivisha mayai mengi, yatolewe, yatungishwe kwenye chupa. Amenipa vidonge vya kuivisha yai moja tu, taratibu. Akauliza bwana yuko wapi. Nikasema yuko njiani kutoka Eldoret.

Marehemu mama yako, Akumu, alikuwa akinijia ndotoni kudai mtoto wetu apewe jina lake. Siku hizi haji. Nikamwuliza dada yako Christine kwa nini. Akasema huko Eldoret umezaa msichana, anaitwa Akumu.

Vidonge bado nameza.

Mkeo,
Adero