Neno la Kwanza Tu

Jumatatu, 3 Machi

Ukumbi umefunguliwa tena. Rangi bado inanuka, na nondo mpya za madirisha zimeshashika kutu. Bahari ikiwa mgongoni kwako, ukarabati ni kazi bure.

Nimeingia moja kwa moja kutafuta kona yangu, pale nyuma ya pazia la kushoto, ninapokaa na script ya mchezo kumnong'oneza dada maneno akikwama jukwaani. Kona hakuna. Pazia hakuna! Watazamaji sasa watakaa pande zote nne. Eti usasa. Nikamuuliza mwongozaji mpya, na mimi nikae wapi? Kasema mwigizaji wa kweli hahitaji mtu wa kumnong'oneza.

Nikacheka. Ningefanya nini? Hajui hali ya dada. Wala sitaki ajue.

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi. Zamani nilimpa dada neno la kwanza tu, akiwa anavuta pumzi. Mengine aliyafuata mwenyewe. Mwaka jana yakawa mawili. Leo nimempa sentensi nzima, nikijifanya napita na ufagio.

"Unafagia nini, mdogo wangu, na sakafu yenyewe mpya?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata mimi. Ulimi bado ni wembe! Anasahau maneno ya mchezo, si watu. Hilo najiambia nikipiga mswaki, nikipanda ngazi, nikikoroga chai.

Daktari anasema nimpumzishe. Nimpumzishe wapi? Mama alipofariki, jukwaa hili ndilo lililotulisha. Dada alikuwa akicheza malkia, kisha anarudi nyumbani kunifulia sare. Nikimtoa hapo nitakuwa nimemzika yu hai.

Ijumaa, 7 Machi

Mbinu mpya: nimeandika maneno kwa kalamu nene ndani ya trei ya chai anayoingia nayo. Akaingia. Akaitazama trei.

Hakuvaa miwani! Eti yule mama anayemwigiza bado kijana, havai miwani. Basi akatunga yake papo hapo. Mazuri kuliko ya mwandishi, kusema kweli, ila wenzake wote wakapotea njia. Mwenye kucheza mume alibaki amekodoa macho na kikombe mkononi.

Mwongozaji akanivuta pembeni. Anamheshimu sana dada, kasema, lakini kuna mwingine ameanza kujifunza nafasi yake. Akikwama siku ya ufunguzi, basi, apumzike.

Kila mtu anataka dada apumzike. Mimi ndiye niliyechoka.

Jumapili, 9 Machi

Nyumbani, mezani. Nimekuwa mume, jirani, binti na dalali. Dada hakukosea hata neno moja. Hata moja! Tukapongezana kama watoto. Kisha akainuka, akabandika sufuria tupu jikoni, akakaa kuisubiri ichemke.

Nimezima moto.

Alhamisi, 13 Machi

Goti linaniuma. Mvua. Sina la kuandika.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika chooni, nimeegemeza daftari ukutani. Onyesho la ufunguzi, alasiri, ni mapumziko.

Fundi taa, Mungu ambariki, alinitafutia kiti mstari wa mbele. Dada alianza vizuri. Watu wanacheka, wananyamaza, wamo kiganjani mwake. Ikafika pale dalali anapokuja kubeba vyombo, na dada anatakiwa kusema: "Meza hii haitoki." Akasimama. Nikakohoa, na ndani ya kikohozi nikampa: meza. Hakusikia. Nikakohoa tena, meza hii. Wapi! Mkono wake wa kushoto ukanyooka taratibu, ukawa unapapasa hewani. Anatafuta pazia.

Sijui nilipandaje. Goti lenyewe hili! Nikajikuta jukwaani nimeshika meza: "Meza hii haitoki, mama. Si ndivyo ulivyosema?"

Uso wake ukachangamka. "Ndivyo! Haitoki, na mimi sitoki!"

Makofi! Watu walisimama. Taa zilipowaka mwongozaji alinikimbilia akanikumbatia. Hajawahi kuona ubunifu wa namna ile, kasema, nirudie hivyo hivyo kila onyesho, na dada atacheza msimu mzima. Msimu mzima! Nikakimbilia chumba cha kuvalia kumpa habari.

Alikuwa mbele ya kioo, anang'aa. Akanishika mikono yote miwili. Nimefanya vizuri sana, kasema. Kisha akashusha sauti, kwa ile adabu yake ya kuwakaribisha wageni wa kundi:

"Samahani, mwenzangu, sijakushika jina. Lakini usiogope. Ukikwama, mdogo wangu yuko pale nyuma ya pazia. Msikilize yeye. Hajawahi kuniangusha."

Nikamwambia ahsante.

Kengele. Mwongozaji anagonga mlango, anauliza niko tayari? Dada ameshatoka, namsikia kule kwenye korido anauliza watu, mdogo wangu yuko wapi, mbona hajakaa mahali pake, na