Kadi ya Sita

Tarehe 3 Machi

Mdogo wangu,

Naomba barua hii ikukute mzima, na kile kikohozi cha mwaka jana kiwe kimekuachia. Huku sote tuna afya isipokuwa Baba, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Baba ameacha kuongoza okestra. Hakuachishwa. Alikiweka kijiti cha kuongozea mezani kwa mkono wake, mazoezi ya Alhamisi, baada ya kutuuliza mara tatu tunapiga kipande gani. Daktari anasema akili inachakaa pole pole na hakuna dawa ya kuirudisha. Asubuhi ananijua. Jioni mara nyingine huniita kwa jina la marehemu Mama, nami naitika tu.

Wanamuziki wamekubaliana kumuaga kwa onyesho, tarehe 14 Juni, ukumbi wa shule. Naibu wake ataongoza. Baba atakaa kwenye kiti pale pale jukwaani, na kila kipande kikiisha atawaeleza watu historia: okestra zilianzaje duniani, watunzi walikuwa watu wa namna gani, na sisi tulianzaje na fidla nne na ngoma moja. Ya zamani anayakumbuka vizuri. Ya jana ndiyo yanayomtoroka. Namwandikia maelezo kwenye kadi, nimezipa namba moja hadi saba.

Anakuulizia. Kila siku: "Yule wa baragumu atakuja?" Njoo, mdogo wangu, wakati bado anajua anamngoja nani.

Ni mimi dada yako


Tarehe 29 Machi

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimeshahamia kwa jirani. Kazi ni ile ile ya mabomba. Bado ninapuliza shaba, ila siku hizi ni kuzibua tu.

Habari za Baba zimeniumiza, usidhani nina moyo wa jiwe. Lakini unaniita nikakae kwenye ukumbi ule ule. Siku ya onyesho lile mimi nilikuwa na vipimo arobaini na saba vya muziki vya kunyamaza, kisha niingie peke yangu na baragumu. Nilikuwa nimehesabu thelathini na tisa Baba aliponipa ishara. Nikamwamini yeye kuliko vidole vyangu, nikapuliza. Watu wakacheka, na yeye akaisimamisha okestra nzima akawageukia: "Mtaniwia radhi. Mwanangu hajui kuhesabu."

Nilipomwambia ametoa ishara mapema, alisema namtafutia sababu. Nikakuuliza wewe, uliyekaa mbele yake kabisa na fidla yako. Ukasema ulikuwa unatazama karatasi yako. Basi nikajiambia labda kweli sijui kuhesabu. Baragumu nililigawa mwaka ule ule, na miaka kumi na moja sijaingia ukumbi wenye muziki, hata wa harusi.

Alinisema mbele ya watu. Akiyafuta mbele ya watu, nitakuja.

Mdogo wako


Tarehe 20 Aprili

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma, nikakaa nayo siku kumi bila kujibu. Unanijua, karani wa masjala hapotezi jalada. Shajara zangu zote ninazo, na ya mwaka ule nimeitoa kabatini. Nakunakilia kama nilivyoandika, bila kubadili neno:

"Baba amegeuza kurasa mbili kwa pamoja. Ishara ya baragumu ameitoa mapema. Mdogo wangu ameniuliza, nimemwambia sikuona."

Niliona. Mama alikuwa hajatimiza hata miezi mitatu kaburini, na wajumbe wa kamati ya okestra walikuwa wameanza kunong'ona kwamba Baba amechoka, apumzishwe. Niliogopa wakimnyang'anya na okestra atabaki na nini. Wewe ulikuwa na miaka kumi na tisa. Nikasema utasahau baada ya wiki moja. Nilikosea hesabu kuliko yeyote ukumbini.

Jumapili nilimsomea Baba ukurasa ule. Alivua miwani, akasema, "Kumbe ni mimi." Akaniagiza niiandike kwenye kadi, ataisema mwenyewe mbele ya watu. Kesho yake alikuwa amesahau, nikamsomea tena, akaumia upya kana kwamba ndiyo kwanza anasikia. Nimeacha kumsomea. Imo kwenye kadi ya sita.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nakuomba uje.

Dada yako


Tarehe 18 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo? Sijapata jibu lako. Kila siku nikitoka kazini napitia posta.

Tumemwazima askari mmoja wa bendi ya polisi atupigie baragumu, kijana mpole, ana mabega kama yako. Ukitokea hata siku yenyewe, kasema atakupisha. Nimekuwekea kiti safu ya kwanza, cha pembeni.

Dada yako


Tarehe 16 Juni

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Sisi tunaendelea, na Baba ana raha kuliko nilivyomwona kwa muda mrefu. Soma mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Kiti chako kilikaa kitupu. Ukumbi ulijaa hata watu wakasimama kwenye korido. Baba alianza na mzaha wake kwamba yeye ndiye kondakta pekee asiyedai nauli. Akaeleza jinsi wanamuziki wa majumba ya wafalme walivyovishwa sare moja na wapishi, na wakila jikoni nao. Watu walicheka, kisha naibu akaongoza simfoni fupi, na Baba akaifuata kwa kidole kimoja juu ya goti, bila kukosea.

Kadi ya sita inaanza na yule mwongozaji wa zamani aliyekuwa akigonga sakafu kwa fimbo ndefu, akajigonga mguu, kidonda kikamwua. Baba aliisoma hadi hapo, akainua macho. Yaliyofuata mimi sikuyaandika. Alisema, "Huyo alijigonga mwenyewe. Wengi wetu tukikosea tunagonga mtoto wa watu, na mimi niligonga wangu."

Akaisoma yote: kurasa mbili, ishara, maneno aliyosema juu yako. Halafu akainuka, akapita katikati ya fidla hadi kwenye kiti cha baragumu, akamshika askari mkono wa kulia kwa mikono yake miwili.

"Ulihesabu sawasawa, mwanangu. Nisamehe."

Nilitaka kusimama niseme siye, nikabaki nimeishika fidla yangu. Askari alinitazama, akamtazama mzee, kisha akasema, "Yameisha, Baba." Baba akamkumbatia. Ukumbi mzima ulilia, na karibu wote waliamini ni wewe.

Mengine yote ya onyesho yameshamtoroka, lakini tangu siku ile hajakuulizia. Nikikutaja anasema, "Si tumeshapatana?" na kuendelea na chai yake.

Sijui nilipaswa kufanya nini. Niambie.

Dada yako


Tarehe 9 Julai

Dada,

Shikamoo. Mzima mimi. Barua zako zote nilizipata. Ile ya shajara niliiweka kwenye mkoba wa vyombo vya kazi, ikalowa, nikaikausha, nikaisoma tena. Tarehe 13 Juni nilikata tiketi, nikafika stendi na begi, basi likaondoka nikilitazama. Nilitaka kwanza asubiri kidogo. Ndiyo ukweli wenyewe.

Nimefikiri sana juu ya yule askari. Ningekuwa mimi kwenye kile kiti, nisingemjibu upesi namna ile. Ningemwacha mzee asimame pale, watu wamtazame kama walivyonitazama mimi. Mgeni amemfanyia Baba wema ambao mimi sikuwa nao. Nitumie anwani yake. Nataka kumwuliza mikono ya Baba ilikuwa baridi au ya moto, na kama ilitetemeka.

Nitafika mwisho wa mwezi. Usimwambie Baba mimi ni nani. Ameshapatana na mwanawe, tusimvuruge. Mwambie ni fundi bomba amekuja kukagua mabomba ya jikoni, nitakunywa naye chai.

Na lile lako la kusema hukuona, Dada, sijalijibu, wala sijui nitalijibu vipi. Ila usije ukalia mbele ya mtu mwingine akakuambia yameisha. Ningoje mimi.

Mdogo wako