Dakika Moja ya Kimya

Alhamisi, baada ya Magharibi

Leo nimemkasirikia Khamisi tena, na Khamisi tulimzika mwezi uliopita.

Mjane wake amenipa kinasa sauti chake. "Shemeji, chukua wewe. Mimi siwezi kukisikiliza." Nimekaa nacho hapa Mjambere, chai imepoa.

Kila tulipokwenda kurekodi kipindi chake cha sayansi cha redioni, kabla ya kumuuliza mtaalamu lolote, Khamisi alinasa kwanza dakika nzima ya kimya cha mahali penyewe. Alisema kitamfaa kuziba mapengo akihariri. Mimi nilikuwa rafiki na dereva tu. "Bana pumzi, ndugu yangu." Baadaye anavua visikizio: "Umeniharibia tena! Unapumua kama ng'ombe!" Mbele za watu. Wallahi, iliniudhi.

Nimezisikiliza dakika hizo zote. Kituo cha hali ya hewa, Changamwe: upepo, na mtu anapumua. Pale Likoni wanapopima maji kujaa na kupwa: maji yanagonga chuma, na pumzi zile zile, fupi zaidi. Kwenye kitalu cha mikoko, safari yetu ya mwisho, zinakwaruza kama za mtu anayepanda ngazi. Naye Khamisi alikuwa amesimama tu.

Si zangu. Mimi nilikuwa hatua kumi nyuma, nimebana. Kinasa kilikuwa mkononi mwake.

Daktari alisema moyo ulikuwa umechoka kitambo. Nasi tulikuwa tukibishana nani ng'ombe.

Ile ya mwisho nimeirudia. Nimebana pumzi mpaka ikaisha, nisimharibie.