Shuka la Kwanza

Ndugu yangu Mosoti,

Kwa masikitiko makubwa, ofisi ya bwana afya wa Nyaramba, yaani mimi na kiti changu kibovu, inakutangazia kwamba kuku wetu mwekundu ametaga juu ya daftari la vyoo. Yai liko salama. Daftari ndilo hatujui kama litapona.

Ungecheka. Tangu tukuzike sijapata mtu wa kunitania vizuri.

Mazishi yako niliyaonea wivu, sikufichi. Magari yalijipanga kutoka kwako hadi sokoni, madaktari wakateleza kwenye tope letu na viatu vyao vya kung'aa, na kila aliyesimama alisema, "Mkurugenzi wetu, Mkurugenzi wetu." Mimi nilijibanza kwenye migomba nikijiuliza nani atanililia siku yangu. Labda wenye vyoo. Mke wangu Moraa akanisikia nikiguna. "Wewe hata kaburi la mwenzako unalionea kijicho?"

Naam, hata kaburi. Niliionea wivu miwani yako, na ile taasisi ya utafiti Nairobi, na askari wa langoni wanayesema alikupigia saluti. Ulinialika mara ngapi? Kila mara nilikuwa na mafua. Desemba ulikuja na sukari, ukapaza sauti kutoka njiani: "Ombati, toka! Nimekuja kukagua choo chako!" Nikacheka nawe. Ulipoondoka nikawaambia watu sokoni: yule anakula jasho langu, mbu wa kwanza wa mlima huu nilimpata mimi.

Uliyasikia. Najua uliyasikia. Hukuniuliza hata siku moja.

Sasa Jumapili taasisi yako inaleta watu kuweka jiwe kaburini. Kerubo, mkeo, alikuja kwangu Jumanne. "Shemeji, wewe ndiye utakayesimulia mbu wa kwanza walivyopatikana. Soko lote linasema ulikuwepo." Akaniachia ile ripoti yako ya zamani ili nijikumbushe.

Kujikumbusha! Basi acha nikusimulie wewe kwanza, nione kama ulimi utakubali.

Ulikuwa mwaka wa mvua nyingi, uhuru ukiwa bado mpya, sisi vijana wawili wa idara ya afya. Watu wa mlimani walikufa kwa homa, na wakubwa walishikilia kwamba waliitoa ziwani, kwamba huku juu kwenye baridi hakuna mbu. Wewe ukasema tupime. Alfajiri tutandaze shuka jeupe sakafuni, tufunge mlango, tunyunyize dawa ya pareto, kisha tuokote watakaoanguka. Ulinikaririsha kama katekisimu: "Toa watu, toa chakula, toa kuku."

Kwa mong'ina Kemunto, yule bibi mkongwe, nilikwenda peke yangu. Nilitoa watu. Nilitoa chakula. Kisha nikanyunyiza, na mong'ina akaniita jikoni kwa uji wa wimbi, nikanywa vibuyu viwili. Niliporudi kufungua mlango, kuku watatu walikuwa juu ya shuka. Mmoja alikuwa akipangusa mdomo.

Niliona, Mosoti. Kuku hao sokoni sijawahi kuwataja. Niliona hata bawa moja la mbu limebaki kwenye pindo. Nikaona aibu, nikaandika: hakuna mbu.

Ulilitazama shuka lile lenye alama za kuku, ukanitazama mimi. "Ombati, mbu wa mlima huu wana kucha?" Basi, hayo tu. Wiki iliyofuata ulipanda mlima kwenye mvua, nami nikajifunika blanketi. Ulirudi umelowa, na kijichupa kimejaa mbu. Kijichupa hicho ndicho kilichokupeleka masomoni, na masomo yakakufikisha kwenye kiti cha mkurugenzi. Sikuibiwa kitu.

Miaka yote niliamini kwamba jina langu limo kwenye ripoti hiyo kama mharibu shuka, na kwamba nikifika Nairobi vijana wako watanicheka. Ndiyo yale mafua. Jana nimeisoma, kidole kikifuata kila mstari. Umeandika: "Shuka la kwanza liliharibiwa na kuku." Nikafunua ukurasa, nikarudi, nikatafuta tena. Basi. Kuku peke yao.

Pumzika, ndugu yangu. Jumapili nitasimama mbele ya Kerubo, madaktari na soko zima, nami nitawatetea kuku.

Ombati wako