Sahani Isiyo na Dawa

Oya mwanangu, acha unachofanya usome. Nimelipiza kisasi!

Unamkumbuka Kiherehere, mwanafunzi mwenzangu pale maabara, aliyenisingizia kwa bosi mpaka nikaponea chupuchupu kufukuzwa? Leo kaumbuka. Kaumbuka, nakwambia!

Tunapima dawa za kuua bakteria wa ugonjwa wa fizi. Kwa bakteria hao hewa ni sumu, kwa hiyo sahani tunamowakuza hukaa ndani ya mtungi uliofungwa hewa isiingie. Juzi yeye kaufungua apige picha za kuringia kwenye stetasi ya simu yake. Nikamwona. Nikatulia kama maji ya mtungi.

Leo kaja kwa bosi kifua mbele: “Mama, dawa imeua wote!”

Bosi akauliza, “Na hii sahani tusiyoitia dawa?”

“Nayo safi, mama, hamna hata mmoja.”

“Hao nao wameuawa na nini? Aibu?”

AIBU! Nilibana kicheko mpaka mbavu zikauma.

Kiherehere akaninyooshea kidole: “Labda huyu kafungua mtungi.” Mimi tena! Nikampa bosi simu yangu, ajionee zile picha za stetasi, mtungi wazi; nilizihifadhi tangu juzi.

Sasa tunaanza upya, na bakteria wapya watatoka kwenye fizi za Kiherehere, maana zinavuja damu, ugonjwa wenyewe anao. Nimepewa kazi ya kumkwangua.

“Panua, kaka,” nikamwambia. “Panua zaidi.”