Mistari Mitatu ya Chini

Surat, 20 Machi 1886

Binti yangu Vijkor,

Marahaba, ingawa safari hii hukuniamkia. U mzima? Unakula? Sisi hatujambo, ila shangazi yako na magoti yake.

Nilifika Bharuch siku ya kumi na tatu ya msiba wa mumeo, nikakukuta umeelekea ukuta, kichwa kimenyolewa. Kwa nini hukuniita kabla kinyozi hajaja? Unajua ninavyopigania wajane wasinyolewe, na wanaotaka waolewe tena. Nimewaoza kumi na mmoja, hadi Mabrahmani wa tabaka letu wamenitenga, hata maji ya mkononi mwangu hawanywi. Ningeshindwa kukutetea wewe?

Baba yako.

Bharuch, 2 Aprili 1886

Baba, shikamoo.

Mimi mzima wa kula na kulala. Mwambie shangazi ajikande kwa mafuta ya ufuta.

Nilikuita. Baba mkwe alipokuandikia kadi ya msiba na kuichana kona, wifi yangu Jadav aliniletea kwa siri kabla haijaenda posta. Nikaongeza mistari mitatu chini: kinyozi anakuja siku ya kumi, njoo unichukue, naogopa. Siku zote hizo nilikuwa nasikiliza mlango. Siku ya kumi wanawake wanne walinishika. Mama mkwe akasema, "Haya, mwite baba yako mhubiri aje azioteshe!"

Nilipokuwa mdogo uliniambia nisiogope kona iliyochanwa ya habari za kifo, wala nisiisomee nje na kuiharibu kama waogopao kuingiza mauti ndani, karatasi ni karatasi tu. Kadi ilifika?

Binti yako.

Surat, 9 Aprili 1886

Viju mwanangu,

Leo usiniamkie, sistahili.

Kadi ilifika. Nilipoiona ile kona nikasimama nje ya kizingiti, kama alivyokuwa akisimama babu yako. Nikasoma mstari wa kwanza, "Mkwe wako hatunaye", nikaichana vipande vipande, nikaoga na nguo zangu mwilini, ndipo nikaingia ndani. Mikono ilifanya yenyewe. Miaka ishirini nawacheka watu majukwaani kwa jambo hilo hilo. Siku ya kumi nilikuwa Ahmedabad nikihutubia juu ya nywele za wajane. Wakanipigia makofi.

Nakuja kukuchukua Jumapili ya tarehe kumi na nane. Nisamehe, mwanangu.

Baba yako.

Bharuch, 13 Aprili 1886

Baba, shikamoo.

Usije. Wachukue mabinti wa watu, hao unawasikia.

Binti yako.

Surat, 5 Novemba 1891

Viju mwanangu,

Hujambo? Barua zangu arobaini hukuzijibu, na mlangoni kwenu nimerudishwa mara tatu, nikiambiwa ndivyo utakavyo. Sasa kifua kimenishinda. Nimemwagiza shangazi yako: siku nitakapokufa aichane kona kadi hii, aipeleke posta. Tafadhali usiisomee nje.

Wanafunzi wangu wanataka kuandika maisha yangu. Nimewaambia waanze na kadi yako. Nyumba ya wajane niliyoifungua nakuachia wewe. Wako kumi na tisa, wanajifunza kusoma. Njoo uwafundishe, wasije wakasoma kama mimi.

Baba yako.

Surat, 2 Desemba 1891

Baba, shikamoo.

Sikuulizi hali.

Kadi yako ilifika mchana. Mama mkwe akapiga kelele, "Ichane! Nenda kaoge! Unatuingizia mauti ndani!" Nikampita, nikaketi kitandani, nikasoma. Kisha nikafunga mzigo wangu.

Niko kwako. Shangazi amenipa kiti chako, na bado analalamikia magoti. Kinyozi nimemkataa. Mjane mdogo kuliko wote, ana miaka kumi na miwili, kila asubuhi ananipapasa kichwa aone nywele zimefika wapi. Wanafunzi wako walitaka kuiacha habari ya kadi, eti inakushushia heshima. Nimewaambia iandikwe kama ulivyosema.

Barua zako arobaini nilizisoma zote, Baba. Hasira ilikwisha siku nyingi, nikabaki naona haya kujibu. Kila sikukuu ya Diwali nilisema nitaandika mwaka ujao. Nilidhani bado upo upo sana.

Kadi yako nimeisoma hadi chini, mara nane. Laiti na wewe yangu ungeisoma, mara moja tu.

Binti yako.